Karani wa Matrah: chatiboti inayogeuza maneno ya familia kuwa hati

Kila familia yetu hapa Ghuba ina grupu lake la WhatsApp, na kila grupu lina balaa lake. Ndugu mmoja yuko Muscat, mwengine Dubai, mwengine amekwenda Unguja kumtazama mama mkubwa, na mambo yote ya nyumba, kodi, harusi na deni la fulani yanapita humo humo. Mtu anatuma sauti ya dakika nne, nusu Kiswahili, nusu Kiarabu, na katikati Kiingereza cha kazini. Baada ya mwezi mtu anauliza, "Hivi tulikubaliana nini?" Hapo ndipo maneno yanapoanza.

Familia moja ya Matrah ninayoijua ilichoka na hali hiyo. Wao ni ndugu watano, wenye jengo la zamani la ghorofa moja karibu na soko. Chini pana maduka matatu ya kukodisha, juu pana ghala na vyumba viwili. Jengo linataka kutengenezwa, kodi inataka kugawiwa, na mazungumzo yote yako kwenye simu. Mtoto wa kaka yao mkubwa, kijana anayesomea kompyuta, akasema, "Ami, nipeni mwezi mmoja, nitakutengenezeeni karani."

Mwezi ule uliwafunza mengi kuhusu mashine, na mengi zaidi kuhusu namna sisi tunavyozungumza.

Kazi yenyewe inavyokwenda

Kijana hakutumia WhatsApp, alifungua grupu jipya la Telegram. Sababu yake ni kwamba huko mtu wa kawaida anaweza kutengeneza boti bila ya kuwa na kampuni. Unamwandikia BotFather, boti la Telegram lenyewe, unachagua jina, unapewa ufunguo wa siri, na kuanzia hapo programu yako inaweza kupokea ujumbe na kujibu. Jina alilochagua ni Karani.

Ndani yake mna hatua nne. Kwanza, sauti inageuzwa kuwa maandishi. Kwa hilo alitumia Whisper, programu iliyotolewa na OpenAI mwezi wa Septemba 2022, ambayo mtu anaweza kuipakua na kuitumia kwenye kompyuta yake mwenyewe. Pili, maandishi yanapelekwa kwa akili mnemba ya lugha, nayo inaambiwa itafute mambo maalumu: nani, nini, kiasi gani, lini. Tatu, majibu yanajazwa kwenye fomu iliyokwishapangwa, kama fomu ya benki. Nne, Karani anarudisha hati kwenye grupu, kwa Kiswahili, Kiarabu na Kiingereza, kwa sababu mafundi na wapangaji hawasemi Kiswahili.

Jaribio la kwanza liliwafurahisha wote. Sauti thelathini na kitu zikawa kurasa mbili safi, zenye vichwa vya habari na jedwali. Ami mdogo akasema, "Wallahi, hata wakili hatoi kazi nzuri hivi." Wakazisifu kwa siku mbili kabla ya mtu yeyote kuzisoma vizuri.

Saa nne ipi?

Kosa la kwanza lilikuwa la kuchekesha. Ndugu walikubaliana fundi wa paa aje saa nne, yaani saa nne ya asubuhi, kama tunavyohesabu sisi tangu jua kuchomoza. Karani akaandika 4:00 kwenye hati ya Kiingereza. Fundi akaja alasiri. Mwenye ufunguo alikuwa amekaa mlangoni tangu asubuhi, akachoka, akaenda zake kula chakula cha mchana.

Kosa la pili ni la pesa. Mmoja alisema boksi la maji ya mafundi "mia tano". Kila mtu Oman anajua hizo ni baisa, nusu ya riali, kwa sababu riali moja ni baisa 1,000. Karani akaandika riali 500. Mstari wa chini yake, shangazi alisema atachangia "mia tano" za paa, na hizo zilikuwa riali kweli. Neno ni lile lile, na tofauti ni mara elfu moja.

Kosa la tatu halikumchekesha mtu.

"Yeye" ni nani?

Katika sauti moja kaka mkubwa alisema: yeye ndiye aliyetoa pesa zake mwaka jana kuziba paa, basi kodi ya duka la kona mwaka huu aichukue yeye. Alikuwa anamsema dada yao, shangazi yake kijana. Nyumba nzima inajua. Lakini jina hakulitaja, na Kiswahili chetu hakitenganishi mwanamme na mwanamke kwenye "yeye" wala kwenye "alitoa". Kiarabu kinataka uchague, huwa au hiya. Kiingereza nacho vile vile. Mashine ikachagua mwanamme. Kisha ikatafuta mwanamme wa karibu aliyetajwa, ikamkuta ndugu mdogo, ikamwandika yeye kwa jina lake kamili: kodi ya duka la kona, mwaka mzima, ni haki yake.

Hati ilikaa kwenye grupu siku mbili na hakuna aliyesema kitu. Ndugu mdogo mwenyewe hakuiona, alikuwa safarini. Shangazi hasomi sana Kiingereza, na Kiarabu cha hati rasmi kinampa tabu. Aliyegundua ni binti yake, alipokuwa anamsomea baada ya Magharibi.

Nilikuwepo siku waliyokaa kulizungumza, kwenye chumba cha juu, dirisha wazi kuelekea upande wa bahari, kahawa na halwa mbele yetu. Kijana alikuwa amejikunyata, amejaa haya. Akajaribu kueleza kwamba ni kosa dogo, atalirekebisha kwa dakika moja.

Shangazi akamjibu taratibu. "Mwanangu, mimi sikukasirika. Leo sote tuhai, tunajua nani alitoa. Lakini karatasi haina haya. Sisi tukifa, itabaki inasema hivyo hivyo, na watoto wangu watakuja kugombana na watoto wa mdogo wangu kwa neno ambalo hakuna aliyelisema."

Hakuna aliyejibu mara moja. Nadhani kila mmoja alikuwa anaikumbuka kesi fulani ya familia fulani.

Somo la zamani

Aliyeokoa kikao ni kaka mkubwa. Alisema jambo hili si geni, lina kanuni yake. Akawakumbusha aya ya 282 ya Suratul Baqara, aya ndefu kuliko zote katika Qur'ani, inayohusu kuandikiana madeni. Humo mwandishi anatakiwa awe mwadilifu. Anayetoa imla ni yule mwenye kubeba deni, wala si mwandishi wala mwenye kudai. Akiwa hawezi, msimamizi wake atatoa imla kwa uadilifu. Na wawepo mashahidi. Hata cheo cha afisa anayethibitisha hati hapa Oman, Katib al-Adl, maana yake ni mwandishi wa uadilifu.

"Sasa huyu Karani wako," akamwambia mtoto wake, "amejifanya mwandishi, mdai, mdaiwa na shahidi, yote yeye peke yake. Mrudishe kwenye kazi moja."

Kijana akakaa wiki mbili nyengine. Niliporudi, fomu ilikuwa imebadilika. Kila mstari una sehemu sita: nani, nini, kiasi gani pamoja na sarafu yake, lini, hali ya jambo, na chanzo. Penye "nani" panataka jina. Kama jina halikusikika, Karani haruhusiwi kubahatisha, anaandika "haijulikani, nani huyu?" na kuwauliza waliomo. Pesa ikitajwa bila ya sarafu, anauliza. Saa ikitajwa kwa Kiswahili, anaandika zote mbili, saa nne asubuhi na 10:00, ili kila mtu aone.

"Hali" ndiyo iliyowapa ubishi mrefu. Karani wa mwanzo alipokuwa akisikia "inshallah" alihesabu mtu amekubali. Nyinyi wasomaji mnajua wenyewe. Kuna inshallah ya mtu aliyeazimia, na kuna inshallah ya mtu asiyetaka kukuvunja moyo. "Haya" nayo vile vile, mara nyingi maana yake ni nimekusikia tu. Kwa hivyo sasa jambo lolote linaingia kama pendekezo. Haliwi makubaliano mpaka yule anayebeba wajibu ajibu mwenyewe "nimekubali", na ndugu wengine wawili wathibitishe.

Na kabla ya kujibu, husomewa. Karani anamtumia sauti kwa Kiswahili chepesi: wewe, fulani binti fulani, utatoa riali 500 za paa kabla ya mwisho wa mwezi, je, ndivyo? Shangazi sasa ndiye anayemsahihisha kuliko wote. "Sikusema kabla ya mwisho wa mwezi, nimesema mshahara wa binti yangu ukiingia." Karani anaandika upya.

Siri za nyumba

Kuna jambo la mwisho ambalo familia nyingi hazilifikirii. Kijana alisema kiwango cha kawaida cha Telegram ni kwamba boti lililoingizwa kwenye grupu halioni mazungumzo yote. Linaona amri zinazoanza na mkwaju na majibu linayoelekezewa. Mtu anaweza kuifungua mipaka hiyo, na mwanzo yeye aliifungua. Sasa ameirudisha. Anayetaka ujumbe uandikwe anaujibu kwa kuandika /andika. Maradhi ya fulani, posa ya fulani na kisa cha jirani vinabaki nje.

Hilo lina uzito wa sheria pia kwa wenye biashara. Oman ina Sheria ya Kulinda Data Binafsi, iliyotolewa kwa Amri ya Kifalme namba 6/2022 na kuanza kutumika Februari 2023, na msingi wake mkubwa ni ridhaa ya mwenye taarifa. Ukiwa na duka na wafanyakazi, usiwatilie boti kwenye grupu kimya kimya. Waambie, na wakubali. Na ujue sauti zinakwenda wapi. Whisper inaweza kufanya kazi kwenye kompyuta yako nyumbani, lakini huduma nyingi za akili mnemba hupeleka maneno yako kwenye mashine za nje ya nchi.

Wala hati ya Karani si mkataba wa mahakamani. Familia hii inaitumia kama rasimu. Jambo kubwa, kama mgao wa kodi wa muda mrefu, wanalipeleka kwa Katib al-Adl kama kawaida, ila sasa wanakwenda na maneno yaliyokwisha kupangwa na kila mtu ameyasikia.

Ukitaka kujaribu nyumbani

Huhitaji kujua programu ili uanze. Chukua kikao kimoja cha familia, andika kwa mkono zile sehemu sita, na uone ngapi unaweza kuzijaza bila ya kumuuliza mtu. Familia hii ilipofanya hivyo kwa mazungumzo ya zamani, walikuta "nani" na "lini" zina mapengo kuliko zote. Mapengo hayo hakuna mashine itakayoyajaza kwa haki. Inaweza tu kukuonyesha yalipo, kama imetengenezwa vizuri, au kuyafukia kwa maneno mazuri kama imetengenezwa vibaya.

Paa limekwisha kuzibwa. Kodi ya duka la kona imeandikwa kwa jina la shangazi, kwa lugha tatu, na ndugu mdogo ndiye aliyekuwa wa kwanza kuthibitisha. Alipoulizwa alijibu kwa sauti ya sekunde tatu: "Nimekubali, yeye ndiye aliyetoa."

Karani akamuuliza: yeye nani? Ikabidi alitaje jina la dada yake.