Umenikatia Simu, au ni Mtandao?

Msomaji wangu, wewe na mwenzio mmeshagombana mara ngapi kwa sababu ya simu kukatika? Usicheke. Mimi na mume wangu tulinuniana siku tatu nzima, na chanzo kilikuwa bati. Angalau ndivyo nilivyodhani.

Yeye yuko Mtwara kikazi. Mimi niko Kaole na watoto na mama mkwe, kusini kidogo ya Bagamoyo mjini, jirani na yale magofu ya msikiti wa karne ya 13. Ni pazuri jamani: upepo wa bahari, minazi kila upande. Ila intaneti ya nyumbani ilikuwa kimeo. Ruta ya laini ya simu ilikaa sebuleni juu ya kabati la vyombo, bando nalipia kila mwezi, na usiku spidi haivuki megabiti 2 kwa sekunde.

Usiku mmoja mdogo wetu akashikwa na homa. Nikampigia baba yake kwa video ili amwone. Picha ikaganda, ikakatika. Nikapiga tena, ikakatika. Mara ya tatu ikakatika nilipomuuliza tu, "Hivi unarudi lini?" Nikaamini kanikatia makusudi. Nikamwandikia meseji ya hasira, naye akajibu kwa hasira. Basi, tukanuna.

Fundi juu ya bati

Aliyenifungua macho ni fundi wa madishi aliyekuja kwa jirani. "Dada, umeshajaribu kuitoa hiyo ruta nje?" Tukaichomeka barazani kwa ekstensheni. Spidi ikapanda palepale. "Umeona? Mtandao upo. Nyumba yako ndiyo inauzuia."

Maelezo yake yalikuwa rahisi. Mawimbi ya simu hayapenyi bati, yanaligonga na kurudi. Ukuta wa tofali unayapunguza nguvu, na minazi iliyoloa mvua nayo inayameza. Mnara ukiwa mbali, yanayofika sebuleni ni makombo. Dawa ni antena ya nje: inafungwa juu ya paa, inaelekezwa mnarani, na waya wake unaingia kwenye ruta. Wala si uchawi mpya. Ile antena ya vijiti tuliyoizoea kwenye televisheni ilibuniwa Japani miaka ya 1920 na Shintaro Uda na Hidetsugu Yagi, na kazi yake ni hiyohiyo: kusikiliza upande mmoja kwa makini.

Siku ya kufunga, fundi alikuwa juu, mimi chini na simu mkononi, nimefungua ukurasa wa ruta wenye namba iitwayo RSRP, yaani nguvu ya mawimbi. Namba hiyo ni ya hasi, na kadiri inavyokaribia sifuri ndivyo inavyokuwa nzuri. -80 ni raha, -110 ni kilio. Sisi tulianzia -113. Fundi anageuza antena kidogo, tunasubiri dakika moja, nami napiga kelele: "Mia na sita! Mia na moja! Tisini na nne! Hapohapo, usiguse!" Mama mkwe, chini ya mwembe, akauliza mpira unaanza saa ngapi.

Desibeli 19 si mchezo, maana kila desibeli 10 ni nguvu mara 10. Usiku ule tulipata megabiti 14.

Kabla hujatoa hela

• Toa ruta nje kwanza, bure. Isipobadilika kitu, usikimbilie dukani.

• Angalia nyuma ya ruta kama ina matundu ya antena. Ruta nyingi za 4G zenye matundu zina mawili, kwa hiyo tafuta antena yenye waya mbili.

• Waya uwe mfupi na mnene. Waya mrefu unakula nguvu uliyoifuata juu. Heri usogeze ruta karibu na paa.

• Sisi wa pwani tuna hewa ya chumvi. Ziba maungio kwa tepu isiyopitisha maji, la sivyo kutu itakurudisha ulikotoka.

• Bomba la antena lifungiwe waya wa ethi, na chomoa kila kitu kabla radi hazijaanza.

• Pima spidi saa 10 alfajiri, kisha saa 3 usiku. Alfajiri ikikimbia na usiku ikitambaa, huenda mnara umeelemewa na watu. Hapo antena haitaongeza uwezo wa mnara. Jaribu kuielekeza mnara mwingine.

Picha safi, na bado kimya

Tulipatana, tukacheka, tukaulaumu mtandao. Wiki mbili baadaye nikarudia swali langu: unarudi lini? Picha safi, sauti safi, na mume wangu kimya. Zamani ningesema imeganda. Safari hii nilimwona akiinamisha macho.

"Mama Watoto, mkataba wangu unaisha mwezi wa sita na hawauongezi. Naona aibu kukwambia." Halafu akakiri: simu mbili za usiku ule zilikatika zenyewe. Ile ya tatu alikata yeye.

Nilitaka kununa tena, nisikudanganye. Lakini nilikuwa nimemwona uso, na uso ule haukuwa wa mtu mwenye kiburi. Tukaongea mpaka saa 7 usiku: ada za watoto, kazi yangu, biashara gani aanze akirudi. Tangu hapo kila Jumamosi tunapiga hesabu pamoja, yeye na daftari lake huko, mimi na langu huku.

Kwa hiyo, shoga yangu, na wewe kaka unayesoma kwa kuibia, simu ikikatika leo usiku usiandike ile meseji. Toa ruta nje kwanza. Mtandao ukiwa safi na mwenzio bado yuko kimya, muulize taratibu. Kuna kitu anakificha, na pengine kinamuuma kuliko unavyodhani.