Kilimanjaro ya Kijiweni: Kweli au Uongo?

Kwenye vijiwe vya kahawa vya Magomeni Mapipa, Mlima Kilimanjaro haukosi wajuzi, ingawa wengine wameuona kwenye lebo ya chupa tu. Tuyapime wanayoyasema.

"Malkia Victoria alimpa mjukuu wake Kaiser Wilhelm mlima huu, zawadi ya siku ya kuzaliwa." Uongo, na ndio uongo unaopendwa kuliko yote. Wenye kuusema wanakuonyesha ramani: mpaka wa Kenya na Tanzania unatoka pwani umenyooka, ukifika mlimani unapinda, kisha unanyooka tena hadi Ziwa Victoria. Kupinda ni kweli. Lakini mpaka huo ulitokana na makubaliano ya Uingereza na Ujerumani ya 1886, na Wilhelm alikuja kuwa Kaiser wa Ujerumani mwaka 1888. Kilichoupinda ni ushindani. Harry Johnston, Mwingereza, alifika mlimani 1884 akajipatia ardhi Taveta. Mwaka uliofuata kampuni ya Mjerumani Carl Peters ikamtuma mtu wake kwa Mangi Rindi wa Moshi. Wakubwa wakagawana: Taveta kwa Mwingereza, mlima kwa Mjerumani. Wachagga, wenye mlima wao, hawakuulizwa.

"Kilele kimeitwa Uhuru tangu zamani." Uongo. Hans Meyer alipokifikia Oktoba 1889, pamoja na Ludwig Purtscheller, alikipa jina la Kaiser. Uhuru ni jina la 1961, mwaka ambao Luteni Alexander Nyirenda alisimika mwenge na bendera kileleni, usiku wa kuamkia uhuru wa Tanganyika, 9 Desemba. Majina ya wenyeji ni yale ya vilele viwili vya mlima, Kibo (ambako Uhuru ipo) na Mawenzi. Jina Kilimanjaro lenyewe lina tafsiri nyingi, na anayekuapia kwamba yake ndiyo sahihi mnunulie kashata, mwendelee na mengine.

"Juu ni karibu na jua, basi pangekuwa na joto." Hoja hii ina wazee wake. Mmisionari Johannes Rebmann aliiona theluji 1848, na msomi William Cooley, akiwa London, akambishia kwa miaka mingi kwamba karibu na ikweta haiwezekani. Hewa hupashwa joto na ardhi, na kadiri unavyopanda inazidi kuwa nyepesi na baridi: takriban nyuzi 6 kwa kila mita 1,000. Chukua nyuzi 26 za Dar es Salaam, upande mita 5,895, utakuta barafu.

"Barafu ikiisha, mito ya Kilimanjaro itakauka." Hapa ndipo ninapowaomba wajuzi wapunguze sauti. Kweli, barafu inaisha: kati ya 1912 na 2011 takriban asilimia 85 ya eneo lake ilitoweka. Mwanzo wake ni ukavu wa hewa ulioanza mwishoni mwa karne ya 19, theluji mpya ikapungua, na ongezeko la joto duniani haliipi nafuu. Sehemu kubwa ya barafu ya juu haigeuki maji kamwe. Hupotea moja kwa moja kuwa mvuke. Chemchemi zinazolisha Mto Pangani hutegemea zaidi mvua inayonyesha kwenye ukanda wa msitu, chini kabisa ya barafu. Anayehofia maji ya mlima aulizie kwanza habari za msitu huo, na moto unaouunguza.

Kwa mnaopanda basi kwenda Moshi Desemba: mtazameni Kibo alfajiri. Ikifika saa nne, mara nyingi mawingu yameshamfunika.