Vinara wa Bara Kabla ya Chuma

Kabla ya Kilwa, kabla mhunzi wa kwanza hajavukuta mivukuto Usambara, bara letu lilikuwa tayari na mabingwa. Chuma hawakuwa nacho. Walikuwa na mawe, vyungu na mifugo.

1. Makazi makubwa kuliko yote: Luxmanda

Yako Babati, mkoani Manyara. Katika makazi yote yanayojulikana ya wafugaji wa savana wa Zama Mpya za Mawe, Luxmanda ndiyo makubwa zaidi na pia ndiyo yaliyofika kusini zaidi. Mataji mawili kwa mpigo! Umri wake ni takriban miaka 3,000: mara tatu ya umri wa Msikiti Mkuu wa Kilwa. Kimo chake juu ya usawa wa bahari ni mita 1,878. Ukipanda kutoka Korogwe hadi Lushoto mpaka masikio yazibe, bado uko chini ya wafugaji hao kwa mamia ya mita. Chini ya udongo wametuachia mifupa ya ng'ombe, mbuzi na kondoo, vigae vya vyungu na mawe ya kusagia. Tunzo hii ni ya Tanzania, na iko bara.

2. Asili ya mbali

Mtu mmoja aliyezikwa hapo Luxmanda miaka 3,100 iliyopita alichunguzwa vinasaba, na matokeo yakatangazwa 2017. Zaidi ya theluthi ya asili yake inafanana na ya wakulima wa kale wa Mashariki ya Kati. Hizo ni kilomita 4,000 kwa mstari ulionyooka: kama safari 14 za basi kutoka Korogwe hadi Dar es Salaam. Mababu zake walizimaliza kwa vizazi vingi, kwa miguu.

3. Makaburi makubwa kuliko yote: Lothagam Kaskazini

Hapa Kenya wanashinda, na tuwape haki yao. Kando ya Ziwa Turkana, takriban miaka 5,000 iliyopita, wafugaji walijenga jukwaa la mawe lenye kipenyo cha mita 30, yaani mabasi mawili na nusu yaliyopangwa kichwa kwa mkia. Ndani walizikwa watu wasiopungua 580: abiria wa karibu mabasi kumi ya siti 60! Wakubwa kwa watoto, waume kwa wake, wote mahali pamoja, na shanga zao za mawe ya rangi. Mmoja alizikwa na pambo la meno 405 ya panya wa jangwani, na panya hao walikuwa 113 au zaidi.

4. Mazishi ya moto: pango la Mto Njoro

Karibu na Nakuru, miaka 3,000 hivi iliyopita, maiti za watu wapatao 80 zilichomwa na kuwekwa pamoja na mabakuli, mitwangio na vinu vya mawe. Mary na Louis Leakey walilichimba 1938.

Na sisi wa Bungu, Korogwe na Handeni? Ukilima ukakuta bakuli la jiwe au kigae cha ajabu, usikihamishe. Mwite afisa utamaduni wa halmashauri. Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964 inataka ugunduzi kama huo uripotiwe.