Umepandikizwa meno ya taya zima? Mahindi ya kuchoma yasubiri

Mbinga. Kutoka Dar es Salaam hadi Mbinga ni zaidi ya kilomita 1,000, na kwa mgonjwa aliyepandikizwa meno ya taya zima, safari hiyo ya basi haifai siku ya pili wala ya tatu baada ya upasuaji. Ndizo siku ambazo uso huvimba kuliko nyingine zote, na watoto wakimwona mama au baba yao katika hali hiyo hudhani mambo yameharibika.

Uvimbe huo ni wa kawaida. Hupanda kwa saa 48 hadi 72, kisha huanza kushuka. Mashavu yanaweza kuvilia damu hadi shingoni, mate yakawa na damu siku ya kwanza, na mdomo usifunguke vizuri. Barafu iliyofungwa kwenye kitambaa husaidia katika siku hizo za mwanzo, sawa na kulala kwa mito miwili na kumeza dawa kwa saa zake.

Katika upasuaji huu daktari hung'oa meno yaliyobaki, huingiza skrubu za titani, mara nyingi nne hadi sita, ndani ya mfupa wa taya, kisha hufunga juu yake safu nzima ya meno. Msingi wa tiba hiyo uliwekwa na Msweden Per-Ingvar Brånemark, aliyegundua kuwa mfupa hushikamana na titani. Mgonjwa wake wa kwanza alitibiwa mwaka 1965.

Kushikamana huko huchukua miezi mitatu hadi sita, na hapo ndipo wengi hukosea. Maumivu hupungua ndani ya wiki moja au mbili, meno ya muda yanang'aa, na mgonjwa hujiona amepona. Mfupa bado haujashika. Skrubu ikitikiswa wakati huu inaweza isishike kabisa, na familia iliyolipia tiba kwa fedha za kahawa ikaanza upya.

Kwa hiyo jikoni ndiko kwenye kazi kubwa. Siku za mwanzo ni uji uliopoa, mtindi na supu iliyochujwa, bila kutumia mrija, kwa sababu kufyonza kunaweza kuanzisha damu upya. Baadaye, kwa wiki sita hadi 12 kadiri daktari atakavyoelekeza, ni viazi na ndizi za kuponda, mayai, maharage yaliyoiva sana na samaki wa ziwani wa kuchemsha waliotolewa miiba. Dagaa wa kukaanga, karanga, miwa na mahindi ya kuchoma vingoje. Ugali mgumu nao ungoje, hata kama mzee atanung'unika.

Usafi haungoji. Baada ya saa 24, maji ya uvuguvugu yenye chumvi yazungushwe taratibu mdomoni bila kusukutua kwa nguvu. Sigara iachwe, maana huchelewesha kidonda na huongeza hatari ya skrubu kukataa. Mwenye kisukari ahakikishe sukari yake imedhibitiwa. Na anayeweza kuchagua tarehe asichague msimu wa kuvuna kahawa; kubeba mizigo wiki ya kwanza huleta damu, na ni vigumu kumzuia mama asiingie shambani wakati kahawa imeiva.

Damu isiyokoma hata baada ya kung'ata pamba safi kwa nusu saa, homa, usaha, uvimbe unaoongezeka baada ya siku ya nne au jino linalocheza si mambo ya kuvumilia. Akishindwa kumeza au kupumua vizuri, aliyeko Mbamba Bay, Lituhi au Liuli apelekwe hospitali ya karibu saa hiyohiyo, asisubiri basi la kwenda kwa daktari wake Dar es Salaam.

Kabla ya kuondoka kliniki, familia iombe karatasi inayoonyesha aina na vipimo vya skrubu zilizowekwa, pamoja na namba ya simu ya daktari. Daktari wa Mbinga au Songea atakayempokea mgonjwa usiku atavihitaji vyote viwili.