Sekondi na Takoradi: Miji Miwili, Jina Moja

Katika pwani ya magharibi ya Ghana, nchi iliyoitwa Gold Coast zamani za ukoloni, iko miji miwili jirani, Sekondi na Takoradi. Sekondi ndio mkubwa kwa umri. Waholanzi na Waingereza walijenga ngome huko, na ile ya Waholanzi, Fort Orange, ingali yasimama.

Mwaka 1898 reli ilianza kujengwa kutoka Sekondi. Mwaka 1901 ilifika Tarkwa, penye machimbo ya dhahabu, na mwaka 1903 ikafika Kumasi. Mji ukasitawi. Walakini meli kubwa hazikuweza kukaribia nchi kavu. Zilitia nanga mbali, na shehena zikavushwa mawimbini kwa mashua. Watu wengi walipata riziki kwa kazi hiyo ya hatari.

Mwaka 1928 bandari ya maji ya kina kirefu ilifunguliwa Takoradi, kilichokuwa kijiji cha wavuvi. Meli zikafunga gatini, mashua zikakosa kazi, na biashara ikahamia kwa jirani. Sekondi ikabaki na ofisi za serikali na karakana za reli.

Hata hivyo, bandari bila reli haina shehena, na reli bila bandari haina mwisho. Mwaka 1946 miji hiyo iliunganishwa, na mwaka 1961 wafanya kazi wa reli na wa bandari waligoma pamoja. Aliyenyang'anywa na aliyepewa wakawa wa nyumba moja.