Sura ya Tatu: Kikombe cha Udongo

Mnunuzi mzoefu wa jiko la makaa hugonga kwanza. Hukunja kidole, akapiga ukingo wa udongo kwa kifundo, kisha akatega sikio. Udongo mzima hulia kwa sauti kali inayokawia kidogo hewani. Wenye ufa hutoa mlio mfu, kama wa kugonga debe lililojaa mchanga. Ufa wenyewe huenda usionekane kwa macho. Tena mara nyingi umekuwapo tangu wiki kadhaa zilizopita, kabla hata bati la jiko hilo halijakatwa.

Jiko linalozungumziwa hapa, lenye kiuno chembamba na kikombe cha udongo ndani, wataalamu huliita Kenya Ceramic Jiko. Kabla yake lilikuwapo jiko la bati tupu, ambalo husemekana liliingia pamoja na vibarua wa Kihindi waliojenga reli ya Uganda. Lilikuwa la bei nafuu na rahisi kufua, ila bati halijui kutunza joto. Asilimia 10 hadi 20 tu ya joto la makaa ndiyo iliyofika kwenye sufuria. Lililobaki lilipasha moto miguu ya mpishi.

Mwanzoni mwa miaka ya 1980, mwaka 1981 Nairobi ikiwa mwenyeji wa mkutano wa Umoja wa Mataifa kuhusu nishati mpya na jadidifu, wabunifu akiwamo Maxwell Kinyanjui walianza kutafuta jiko bora. Wazo walilitoa Thailand, ambako watu hupikia jiko la ndoo: bati nje, udongo ndani kuanzia juu hadi chini. Lingeweza kunakiliwa lilivyo. Lakini udongo mwingi ni uzito mwingi, na jiko la Nairobi hubebwa kila siku, litoke nje kuwashwa, lirudi ndani kupikia.

Jibu lilikuwa kiuno. Bati lilibanwa katikati kama ngoma, na udongo ukakaa sehemu ya juu tu, pale makaa yanapowaka. Chini hudondokea majivu na hupita hewa. Huko udongo hauna kazi. Kiuno hicho hicho hushikilia kikombe kisiteremke. Mstari mmoja wa mchoro ukapunguza uzito, udongo na kazi ya mfinyanzi kwa pamoja. Tena vikombe vingeweza kufinyangwa mahali pengine kabisa, mafundi wa bati wa mtaa wa Shauri Moyo, Nairobi, wakaendelea na mapipa yao makuukuu na nyundo zao.

Hapo ndipo ugumu ulipohamia. Kazi ikigawanywa baina ya watu wasiofahamiana, kipimo ndicho kinachobaki kuwaunganisha, na udongo ni kitu kisichotulia. Kikombe kibichi chenye kipenyo cha sentimita 25, kikinywea kwa asilimia 10 katika kukauka na kuchomwa, hutoka tanurini kikiwa na 22.5. Mfinyanzi asiyelifahamu hilo atatengeneza kalibu ya ukubwa wa jiko, na kila kikombe kitapwaya. Akibadilisha shimo la kuchimbia udongo, kunywea nako hubadilika. Akiharakisha kukausha kwa kuanika juani, ukingo hutangulia kukauka, kitako kikabaki na maji, na kila upande ukavuta kwake. Huo ndio ufa wetu. Moto wa tanuri huufungua tu.

Bati nalo hutanuka kuliko udongo linapopata moto, kwa hiyo viwili hivyo haviwezi kuachwa vikagusana vikavu. Kati yake hupakwa saruji iliyochanganywa na vamikulaiti, madini mepesi yanayozuia joto. Tabaka hilo lina nafasi finyu ya kusamehe makosa: kikombe kikizidi kidogo halipati pa kukaa, kikipungua sana hugeuka kifusi cha saruji kinachomomonyoka. Ndiyo maana kigezo cha bati, kipande cha kukatia kinachoning'inia ukutani mwa karakana, kina thamani kuliko mchoro wowote ulioko ofisini.

Kuunda kimoja kizuri hakujawahi kuwa tatizo la Afrika Mashariki. Mwaka 1986 Chuo Kikuu cha Nairobi kilipewa kazi ya kubuni gari la Kenya, na mwaka 1990 magari matano, yaliyoitwa Nyayo, yakaonyeshwa hadharani, yenye uwezo wa kwenda kilomita 120 kwa saa. Kiwanda cha kuyazalisha hakikupata fedha. Matano yakabaki matano.

Jiko lilienda njia ya polepole zaidi, na hakuna haja ya kulipamba: ya kwanza yaliuzwa kwa takriban dola 15 za Marekani, bei ya kumkimbiza mteja yeyote wa soko la Gikomba, na mengine yalipasuka mapema. Kadiri mafundi walivyoongezeka na kushindana, bei ilishuka hadi kati ya dola 1 na 3, na kufikia katikati ya miaka ya 1990 majiko zaidi ya 700,000 yalikuwa yakitumika nchini Kenya. Ushindani uliwashawishi wengine pia kupunguza siku za kukausha na kubana saruji. Rangi mpya ya fedha huficha mengi. Kwa hiyo mnunuzi hulipindua jiko, hutazama matundu ya majivu kama yako sawasawa, kisha hugonga tena, safari hii upande wa pili.