Je, Wajua? Presha na Ubongo

Ubongo ni mlafi. Una uzito wa kama asilimia 2 tu ya mwili, lakini hutumia karibu asilimia 20 ya oksijeni yote mwilini. Ndiyo maana hauvumilii hitilafu katika mishipa ya damu.

Presha ya kwanza kupimwa ilikuwa ya farasi. Stephen Hales, kasisi wa Uingereza, alichomeka bomba refu la kioo kwenye mshipa wa farasi jike, damu ikapanda takriban mita 2.5. Matokeo aliyachapisha mwaka 1733. Mkanda wa kufunga mkononi ulibuniwa na Mwitaliano Scipione Riva-Rocci mwaka 1896, na mwaka 1905 Mrusi Nikolai Korotkov akaeleza namna ya kusikiliza mshipa chini ya mkanda huo: sauti inapoanza ndiyo namba ya juu, inapopotea ndiyo ya chini.

Rais wa Marekani aliuawa na presha. Machi 1944, Franklin Roosevelt alipimwa akakutwa na 186/108. Tarehe 12 Aprili 1945 ilifika 300/190, mshipa ukapasuka kichwani, yaani kiharusi, naye akafariki siku hiyohiyo. Enzi hizo madaktari wengi waliona presha ya wazee kupanda ni jambo la kawaida, na dawa za maana zilikuwa hazijapatikana.

Kiharusi si madhara pekee. Presha ya miaka mingi hukakamaza vijishipa vyembamba, na sehemu za ndani za ubongo hukosa damu ya kutosha. Kwenye picha za MRI madhara hayo huonekana kama mabaka meupe. Mwenyewe hahisi maumivu, kwani nyama ya ubongo haina neva za maumivu.

Kushusha presha hulinda kumbukumbu. Utafiti wa SPRINT nchini Marekani uliwahusisha watu 9,361 wenye umri wa miaka 50 na zaidi. Matokeo ya mwaka 2019 yalionyesha kuwa waliotibiwa ili namba ya juu iwe chini ya 120 walipungukiwa kwa asilimia 19 na hatari ya kudhoofika kumbukumbu na fikra kwa kiwango cha awali, wakilinganishwa na waliolengwa chini ya 140. Kwa dimensia yenyewe, yaani udhaifu huo unapokomaa, tofauti haikutosha kuwa ushahidi.

Ushahidi huo ulitoka vijijini China. Katika vijiji 326, watu karibu 34,000 wenye presha walifuatiliwa kwa miaka minne. Kwenye nusu ya vijiji, wahudumu wa afya wa hapohapo, wasio madaktari kamili, waliwaanzishia dawa, wakazirekebisha na kuwafundisha kujipima nyumbani. Matokeo yaliyotolewa mwaka 2025 yalionyesha dimensia imepungua kwa asilimia 15 kuliko kwenye vijiji vya matibabu ya kawaida.

Usisubiri uzee. Jopo la wataalamu la jarida la Lancet mwaka 2024 liliorodhesha visababishi 14 vya dimensia vinavyoweza kudhibitiwa, presha ya umri wa kati ikiwamo. Kwa hesabu yao, vyote vikidhibitiwa, karibu asilimia 45 ya dimensia ingeweza kuzuiwa au kucheleweshwa.

Mkono uliolegea hudanganya kipimo. Ukining'inia ubavuni, namba ya juu huongezeka kwa kama 6.5, ukiwa mapajani, kama 4. Tulia dakika tano, egemea kiti, weka mkono mezani usawa wa moyo, na usizungumze.